Zamu ya Kumi na Saba

Tulizikausha kanda kwenye mashine ya kukaushia matofaa,
aliyoiacha marehemu Ingeborg, ingali na harufu ya mdalasini.
Saa nane nzima, kwa joto la chai iliyoanza kusahauliwa,
maana gundi ya kanda huzeeka kama binadamu:
inanata pasipotakiwa, inaachia ilipotegemewa.
Nje Duluth ilikuwa nyeupe, ziwa limefumba mdomo,
na Kazoua Lor, mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
amevaa makoti mawili humo chumba cha chini,
akihesabu mizunguko, asiamini.

"Mfumo wenyewe ndio huu?"
Ndio huu. Tuliuita Sigrid, jina la paka wa idara,
kwa kuwa ulilala kila ulipohitajika.
Mashine moja, watu arobaini wakiigongea taipu,
kila mmoja akiapa moyoni kwamba ni yake peke yake.
Siri ilikuwa zamu:
kipande cha sekunde kwako, kipande kwa mwenzio,
upesi hata asijue mtu kwamba anangoja.
Kazoua akasema, kama mama na sisi tisa, na sufuria moja ya wali.
Nikasema, sawa, ila mama yako hakuwahi kuanguka ghafla
akawaacha wote mikono mitupu.
Akanitazama.
"Aliwahi."

Miezi miwili tulisoma.
Pale kanda ilipokatika tulijaza kwa karatasi;
pale panya walipokula karatasi, tulijaza kwa kubishana.
Kila amri herufi tatu, bahili kama telegramu ya msiba,
na pembeni sauti za watu waliokwisha kuzikwa:
*Usiguse hapa.*
*Nimegusa. Samahani.*
*Inafanya kazi, sijui kwa nini. Leo Ijumaa, naenda nyumbani.*

Ukurasa wa mia mbili na sita, ndani ya mgawa-zamu,
Kazoua akaweka kidole, akakiacha hapo.
"Kuna kosa."
Kila taipu hupewa kipande kimoja.
Ya kumi na saba hupewa vitatu.
Usiku tu, kuanzia saa nne.
Sababu haikuandikwa, ila haya:
*17 anaandika polepole. Mwacheni. L.T.*

"Nalifuta?"
Ngoja.

Nilikwenda kusimama karibu na bomba la mvuke.
Mkono wangu wa kulia una vidole viwili;
vingine vilibaki kwenye msumeno kule Cloquet.
Kwa fidia ya kiwanda nilijilipia chuo,
nikapewa taipu ya mwisho wa ukumbi, penye upepo,
na namba yake ningali naiota.
Wenzangu walinung'unika, Sigrid mzito, Sigrid mvivu.
Nilishangaa. Mimi alinijibu kabla sijainua kidole.
Nikajiona nina kipaji.
Niliwaambia watu. Kwa maneno hayo nilimposa Ingeborg.

Lorna Tveit namkumbuka kwa shida.
Sweta la rangi ya haradali.
Mara moja aliniuliza kama mashine ya kahawa imepona,
nikasema bado, bila kugeuza shingo.
Mazungumzo yetu yote ni hayo.

Mwezi wa pili Sigrid aliamka ndani ya laptopu ya Kazoua.
Aliuliza tarehe. Akakataa ya kweli,
hajui mwaka wowote uliozidi sabini na tisa,
basi tukamdanganya.
Tukangoja saa nne ya uongo.
Kwenye kioo tuliona akizunguka viti arobaini vitupu,
kimoja, kimoja, kimoja,
na kwenye kumi na saba akikawia.

Kazoua hakufuta kitu. Alinisogezea kiti.
Niliandika kwa vidole viwili, herufi baada ya herufi,
jibu lililochelewa miaka hamsini na mitano:
*Imepona. Kunywa.*

Akajibu papo hapo, kama zamani:
AMRI HAIJULIKANI.